Gia Boksi ya Mama Mkwe

Mdogo wangu mpendwa,

Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema ukipanda ngazi linalia kama mlango wa stoo, na kwamba daktari amekutaka upunguze uzito, nawe ukamjibu kuwa uzito huo umeukusanya kwa jasho lako mwenyewe. Natumaini umemsikiliza yeye zaidi ya ulivyojisikiliza. Sisi huku tu wazima. Macho yangu yamepungua nguvu kidogo, ndiyo maana unaona nimeandika kwa herufi kubwa kama za darasa la kwanza. Masikio bado yanasikia, hata yale yasiyonihusu. Shemeji yako hajambo, anakusalimu sana, na amenisihi niandike kwa kifupi. Nimemwahidi, ingawa yeye na mimi tunajua ahadi yangu ya namna hiyo ina uzito gani.

Utajiuliza kwa nini naandika barua wakati simu ipo. Kwenye simu wewe hunikatiza. Tangu tukiwa watoto hujapata kunisikiliza mpaka nukta. Barua haikatizwi. Ukikasirika katikati unaweza kuiweka mezani, ukazunguka chumba, ukarudi na kuikuta inaongea palepale ulipoiacha. Naomba uisome yote kabla hujamhukumu mtu.

Jambo lenyewe ni gari lako, Mama Mkwe kama tulivyolibatiza, na zaidi ya gari ni binti yako. Nilipokupigia simu kukuambia kuwa gia boksi ya Mama Mkwe imekufa, uliuliza kwanza nani aliligusa gari mara ya mwisho. Nikakutajia. Ukasema basi, mtihani umekwisha na amefeli mwenyewe. Utakapokuja likizo utamrudisha chuoni akamalizie ile famasia aliyoiacha. Nayakumbuka masharti yenu. Siku ya kuondoka kwako, miaka mitatu iliyopita, ulisema gari nitalitumia mimi na kulihudumia atalihudumia yeye. Ukamweleza mbele ya mama yake kwamba gari hilo na yeye ni rika moja, na kwamba ukirudi ukalikuta linatembea, utampa mkono kama fundi. Ukilikuta limekufa, atavua ovaroli. Akakujibu, sawa baba, kwa sauti ileile anayoitikia akitumwa chumvi. Shahidi wa mkataba ule nilikuwa mimi. Leo shahidi anaandika.

Ugonjwa ulianza kwa uvivu. Asubuhi nikiweka gia ya mbele, gari lilikaa kwanza likifikiri, kama mtoto anayeitwa akajifanya hajasikia, halafu likashtuka na kuondoka. Baada ya wiki mbili injini ikawa na kelele nyingi na mwendo haba. Siku yenyewe tulikuwa tunapanda kilima cha hospitali, shemeji yako kando yangu na majibu ya vipimo vyake mapajani. Katikati ya kilima injini ikanguruma kama simba na gari likagoma kama punda. Nikakanyaga mafuta zaidi, tukaanza kurudi nyuma. Shemeji yako aliniuliza, kwa upole mkubwa, kama hiyo ndiyo njia mpya ya kwenda hospitali. Nikavuta breki ya mkono, nikashuka, nikaweka jiwe nyuma ya tairi, na watu waliokuwa wakipita wakanipa ushauri wa kutosha kujaza kitabu.

Binti yako alikuja na gari la kuvuta. Hakuuliza nilifanya nini. Alimpa mama yake mkubwa mkono, akamsogeza kivulini, akamtafutia usafiri wa kumfikisha kwa daktari, ndipo akafungua boneti. Alichomoa kile kijiti cha kupimia mafuta ya gia boksi, akakipangusa kwenye karatasi nyeupe na kuninusisha. Mafuta ya gia boksi ya otomatiki, kama hujawahi kuyaona, ni mekundu na maangavu kama sharubati. Yale yalikuwa meusi na yalinuka mkate ulioungua.

Niruhusu nikueleze kidogo, maana bila hilo hutaelewa kazi aliyoifanya. Katika gari la gia za kawaida, mguu wako na mkono wako ndiyo inayobadilisha gia. Katika otomatiki kazi ya mkono inafanywa na mafuta. Bomba lililo ndani, yaani pampu, huyasukuma kwa nguvu, nayo hubana sahani nyembamba za klachi zikashikana na kuzungusha magurudumu. Mafuta yakiwa machache, bomba humeza hewa, na hewa haina nguvu ya kubana kitu. Sahani huteleza. Kuteleza huleta joto, joto huunguza mafuta, na mafuta yaliyoungua huzidisha kuteleza. Ni ugonjwa unaojilisha wenyewe, na ukishafika kilimani huwa hauna dawa.

Gereji ya binti yako unaijua kwa kuisikia tu. Ni banda refu la mabati nyuma ya duka la rangi, sakafu ya saruji iliyofagiliwa hata unaweza kuokota sindano. Anashirikiana na mwanamume wa makamo ambaye ana miaka ishirini katika gia boksi za kawaida, na watu wote wanamwita Redio kwa sababu hazimwi. Yeye binti yako wamembatiza Bi Polepole. Mwanzoni lilikuwa jina la kumkejeli. Redio aliniambia siku ya kwanza kwamba ningemkabidhi yeye gari lingetoka kesho, na nikimwachia Bi Polepole nijiandae kununua baiskeli. Binti yako, akiwa chini ya gari, akasema kutoka huko chini kwamba baiskeli pia ina gia, kwa hiyo asiiguse.

Alimwaga mafuta kwenye ndoo yenye alama za lita, akaisogelea na kuzisoma alama zile mara mbili. Kisha akachukua tochi na kitambaa cheupe, akapangusa maungio yote ya gia boksi kwa chini. Kitambaa kikatoka kikavu. Akafungua sampu, lile bakuli la chini. Ndani kuna sumaku ndogo ya kunasa chembe za chuma, na sumaku ile ilikuwa imeota ndevu. Aliniita niione. Akaniuliza kama tangu yeye alipolihudumia gari mwezi wa tatu kuna fundi mwingine yeyote aliyeligusa. Nikamwambia hakuna fundi aliyeligusa, na nilisema kwa uhakika wa mtu asiye na wasiwasi. Akanitazama kidogo zaidi ya lile swali lilivyohitaji, akasema haya, Baba Mkubwa, akaenda kunawa mikono.

Ilionekana wazi kuwa kuifungua na kuifufua ile ya zamani ni sawa na kushona shati kwa kuanzia kwenye kifungo. Ilibidi itafutwe nyingine iliyotumika, nzima. Tukaenda kwenye yadi wanakochinja magari, mimi nikiwa mtazamaji. Gia boksi ya kwanza muuzaji aliiapia kwa kila kitu kitakatifu. Binti yako akanusa mafuta yake, akakunja pua. Muuzaji akasema harufu ile ni ya yadi. Naye akamjibu vizuri tu kwamba basi achomoe kijiti kwenye gari lake mwenyewe lililoegeshwa yadini humo, walinganishe. Muuzaji akacheka, akaifunika ile gia boksi kwa gunia, na tangu hapo akawa anamwita dada kwa heshima.

Ya pili ilikuwa safi, na Redio alikwisha kuanza kuifunga kamba. Binti yako akapiga magoti, akapangusa kibati chenye namba, akakuta herufi ya mwisho si ileile ya gari letu. Redio akasema herufi moja tu jamani, na matundu ya bolti yote yanalingana, nimepima. Binti yako akamwambia ni kweli itaingia na itafungika, lakini mpangilio wa gia zake ndani ni mwingine. Itagombana na injini mpaka kifo, kama ndoa iliyofungwa kwa sababu viatu vya bwana na bibi vilifanana. Redio alifungua kamba huku akilalamika kwamba amevaa viatu hivyo miaka ishirini.

Tuliipata yadi ya tatu, siku ya tatu, kwenye gari lililogongwa nyuma na kubaki zima mbele. Herufi zote zilikuwa sawasawa, mafuta mekundu, na sumaku ina vumbi tu kama la meza isiyopanguswa jana. Hakuruka wala hakupiga makofi. Alipitisha kiganja juu ya chuma kile kama unavyompapasa ng'ombe unayetaka kumnunua, akasema tuipakie.

Mdogo wangu, nimefundisha fizikia miaka thelathini na miwili. Nimeona wanafunzi hodari, na wengine sasa ni watu wakubwa ambao ukiwapigia simu hupokea katibu. Lakini siku mbili nilizokaa kwenye kiti cha plastiki katika banda lile nilijifunza adabu ya kazi upya. Kabla hajalegeza bolti hata moja, alichukua boksi la katoni, akachora juu yake umbo la gia boksi kwa kalamu ya wino mzito. Kila bolti aliyoitoa aliichomeka kwenye mchoro mahali ilipotoka. Nilimuuliza sababu. Akaeleza kuwa bolti zile zinafanana vichwa lakini hazilingani urefu, na ndefu ikiingizwa shimo la fupi hupasua chuma usione mpaka baadaye. Redio alisema yeye bolti zake huzitia kwenye kopo moja na hajawahi kukosa. Binti yako akamuuliza lile kopo lililoko dirishani, lenye bolti zilizobaki, basi ni la nani? Redio akapandisha sauti ya redio halisi iliyokuwa ukutani.

Waliining'iniza injini kwa mnyororo kutoka kwenye chuma kilicholazwa juu, isije ikaangukia upande mmoja itakapokosa mwenzake. Wakatoa shafti za magurudumu, nyaya, na paipu za mafuta. Gia boksi ya zamani ikateremka juu ya jeki pole pole, kama mgonjwa anayeteremshwa kitandani. Halafu ikaja saa ambayo nataka uisome mara mbili.

Kati ya injini na gia boksi kuna kitu kama mabakuli mawili makubwa ya chuma yaliyofunikana. Wenyewe huliita konveta. Limejaa mafuta, na ndilo linalopokea mzunguko wa injini na kuupeleka kwenye gia. Konveta huchomekwa kwanza kwenye gia boksi, na lazima liingie mpaka ndani kabisa, kwa hatua tatu. Kila hatua meno hukutana na unasikia limeshuka kidogo. Likishuka hatua mbili tu, kwa macho linaonekana limeingia. Ukikaza bolti hapo, unaliponda lile bomba la mafuta, na gia boksi nzima inakufa kabla haijatembea hata mita moja.

Walikuwa wameinyanyua mpya mpaka ikakaribia injini, ikabaki nafasi ya upana wa kidole. Mikono ilikuwa imechoka, na Redio akasema tia bolti mbili tuvute, itaingia yenyewe. Kusema kweli hata mimi kwenye kiti changu nilikuwa namuunga mkono. Binti yako akasema bolti ni za kushikilia, si za kuvutia, na kitu kinachostahili kuingia huingia kwa mkono. Akaamuru ishushwe. Redio akalalamika kwa jina la mgongo wake na la marehemu baba yake. Ikashushwa. Binti yako akalaza rula ya chuma kwenye mdomo wa gia boksi, akapima kina cha konveta. Kilikuwa pungufu kwa upana wa kidole kilekile. Akakumbatia konveta kwa mikono miwili, akawa analizungusha taratibu huku akilisukuma, macho ameyafumba, anasikiliza. Kisha tukasikia tuk. Akapima tena, akatabasamu, wakainyanyua, na gia boksi ikaingia kwenye injini kama droo ya kabati lililotengenezwa na seremala mwenye kujiheshimu.

Redio alivua kofia. Alisema, bila mzaha wowote, kwamba yeye angeiua pale pale na angemlaumu muuzaji. Tangu siku ile anapomwita Bi Polepole nasikia anaitamka kama cheo.

Na bado hakuwa amemaliza. Mafuta ya gia boksi huzunguka mpaka kwenye rejeta yakapozwe na kurudi, kwa hiyo uchafu wa gia boksi iliyokufa ulikuwa umebaki njiani ukiisubiri mpya. Redio akasema apulize tu hewa, inatosha. Binti yako akamuuliza kama bwana harusi akishaogeshwa huvalishwa soksi za jana. Akaziosha paipu zile na njia ya rejeta mpaka alichomimina kikawa kinatoka kama kilivyoingia, jambo lililochukua asubuhi nzima.

Mwisho akajaza mafuta mapya. Aliliweka gari mahali palipo sawa, akawasha injini, akaiacha ipate joto, akakanyaga breki na kupitisha gia nafasi zote moja moja, kwenda na kurudi. Kisha, injini ikiwa bado inanguruma, akachomoa kijiti, akakipangusa, akakirudisha, akakisoma. Akaongeza kidogo. Akasoma tena. Nikamuuliza, kwa sauti ya mwalimu anayemwonea huruma mwanafunzi, kwa nini asizime injini kwanza ndipo apime.

Nitakueleza alivyonijibu, lakini kwanza nikumalizie habari ya gari. Tulikipanda kile kilima cha hospitali, yeye akiendesha. Sikuhisi gia ikibadilika; nilisikia tu injini ikishusha pumzi, kama mtu aliyetua mzigo begani akauweka begani pengine. Leo ni wiki ya pili. Linakwenda vizuri kuliko siku uliyolinunua, na ukibisha muulize shemeji yako, ambaye sasa ananiuliza kila asubuhi kama hatuna mahali pa kwenda.

Sasa nifike pale ambapo kalamu hii imekuwa ikipakwepa tangu ukurasa wa kwanza.

Alinijibu hivi. Mafuta ya injini hupimwa injini ikiwa imezimwa, na hilo kila mwenye gari analijua. Ya gia boksi ya otomatiki, kwa magari kama lako, hupimwa injini ikiwa inafanya kazi na ina joto. Injini ikizimwa, mafuta yaliyokuwa juu kwenye konveta na katika mifereji yote huteremka na kukusanyika chini, na kijiti huonyesha yamezidi wakati hayajazidi. Alisema hayo huku akipangusa mikono, bila kunitazama. Mimi nilitafuta mahali pa kukaa, nikakaa juu ya tairi.

Mwezi wa tano, miezi miwili baada ya binti yako kulihudumia gari, nilifungua boneti uani, asubuhi, injini ikiwa imezimwa na baridi. Nikachomoa kijiti cha gia boksi. Mafuta yalikuwa yamepita alama kwa mbali. Nikasema moyoni, mtoto amejaza mno, na yakizidi yatatoa povu, hilo nilikuwa nimelisoma mahali. Yeye hulala chumba cha uani, hatua kumi kutoka mlangoni kwangu. Ningeweza kumgongea na kumuuliza. Nilijiambia simuulizi ili nisimwaibishe. Huo ulikuwa uongo, mdogo wangu. Sikumuuliza kwa sababu tangu nizaliwe sijawahi kumuuliza mwanafunzi jibu. Nikachukua bomba la sindano na mpira mwembamba, nikayafyonza mafuta mazima, mekundu, lita moja na nusu, mpaka kijiti kikasoma nilivyotaka mimi. Nilipomaliza nilijisifu. Yaliyofuata nimekwisha kukueleza.

Hatujafika mwisho. Unavyonijua, kila kitu nyumbani kwangu kina karatasi. Mafuta yale niliyatia kwenye chupa, nikabandika karatasi, nikaandika kwa mkono wangu: mafuta ya gia boksi, yaliyozidi, lita moja na nusu, na tarehe. Nikaiweka kwenye rafu ya stoo, nikaisahau. Siku iliyofuata ile ya kukaa juu ya tairi nilikwenda kuitafuta ili niimwage kabla hajaiona mtu. Chupa ilikuwepo. Karatasi haikuwepo. Kioo mahali pale kilikuwa kimefutwa gundi yote, kwa uangalifu, mpaka kinang'aa.

Nikamuuliza shemeji yako nani ameingia stoo. Akasema binti yako aliingia kuchukua faneli, siku moja tu baada ya gari kufa. Hebu nawe pima tarehe hiyo. Wewe ulimpigia simu jioni ya siku iyo hiyo. Alikuwa amesimama jikoni kwetu, simu sikioni, na mimi nipo mezani; masikio yangu, kama nilivyosema, ni mazima. Nilikusikia ukimwita fundi wa vijiko. Nilikusikia ukisema mkono wa famasia umegeuka mkono wa kuua magari. Naye akakujibu kwamba ni kweli, wa mwisho kulihudumia alikuwa yeye, na gari likiharibika mwenye kuulizwa ni fundi wake. Mimi wakati huo nilidhani anakiri kosa lake, na nikaona ni vyema amejifunza unyenyekevu. Kumbe ushahidi wa kumwokoa ulikuwa mfukoni mwa ovaroli yake, kwa mwandiko wangu.

Nilimfuata gereji. Nikamwambia nimejua, na nimejua kwamba anajua. Hakujifanya haelewi, wala hakunipa nafasi ya kupiga magoti, maana nusura nipige. Alisema baba ana mtu mmoja tu duniani ambaye akimwambia neno haliulizi mara mbili, na mtu huyo ni mimi. Akinipoteza mimi atabaki na nani wa kumsikiliza? Halafu akasema, na hapa nayanukuu maneno yake yalivyo, "Gia boksi nimeipata kwenye gari la watu. Baba Mkubwa ningemfungua kwenye gari gani?" Akarudi chini ya gari la mteja. Redio alikuwa karibu, akasikia, akaizima ile redio ya ukutani.

Aliniomba nisikuambie. Nimemtii kwa siku nne, na siku ya tano nimechukua karatasi. Hajui kama nakuandikia.

Ulimpa mtihani, na msimamizi wa mtihani ndiye aliyeingia chumbani na kufuta majibu yake sahihi. Alikwisha kufaulu mwezi wa tatu. Kwenye daftari lake la huduma, ambalo alinionyesha nilipolidai, ameandika kiasi cha mafuta alichokiacha, na ndicho hasa kilichotakiwa. Mtihani wa pili alijipa mwenyewe, wa kuokoa kilichouawa na mtu mwingine, na huo nimeusimamia kwa macho yangu mpaka mwisho. Wa tatu, wa kubeba lawama ya mzee wake na kuibandua karatasi, sijui nani angeweza kuusahihisha. Mimi siwezi. Kama kuna mtu wa kuvuliwa kitu katika nyumba hii, funguo za gari nimekwisha kumkabidhi yeye, na boneti siigusi tena isipokuwa nikiitwa kushika tochi.

Unikasirikie upendavyo, ni haki yako, na nitaipokea kama kaka. Lakini barua hii usinijibu mimi. Najua ukiipata utataka kunipigia, nami nakuomba hiyo simu umpigie yeye. Asubuhi huwa amekwisha kufika gereji, mikono ina mafuta, kwa hiyo atachelewa kidogo kuipokea, usikate. Na akiitika, usianze na gari. Anza kwa kumwita fundi, unyamaze, umsikilize mpaka nukta.

Msalimie shemeji yangu, mwambie binti yake amenenepa kidogo na anakula. Wasalimie wote wanaoniulizia huko. Goti lipake dawa, na ngazi uzipande taratibu, kwa hatua zako mwenyewe.

Ni mimi kaka yako, aliyekosea.